Shangazi, kampuni imekua, mimi bado nakaimu

Shikamoo Shangazi.

Ninakuandikia kutoka Makorora, Tanga mjini. Nina miaka 29, nina mtoto mmoja, tunaishi na mama yangu. Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa hiyo ikikuchosha univumilie.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu kutoka Korogwe. Ameona tangazo la kazi la kampuni ninayofanyia, akaniuliza, "Dada, hapo kwenu pakoje?" Nilinyamaza mpaka akaanza kuita haloo, haloo, akidhani mtandao umekata. Nilitaka kumwambia njoo. Nilitaka pia kumwambia usithubutu. Mwisho nikamwambia niko barabarani, nitampigia. Sijampigia hadi leo.

Sisi tunasambaza bidhaa za madukani. Mwenye duka anaagiza kwa simu sukari, mafuta, sabuni, unga, biskuti, na tunampelekea mpaka mlangoni. Nilianza kazi miaka minne iliyopita tukiwa watu tisa kwenye nyumba ya kupanga Chumbageni. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi, chumba cha uani ndiyo stoo, na gari ni kirikuu moja ambayo asubuhi tulikuwa tunaisukuma wote ndipo iwake. Mwenye kampuni tulimwita Kaka na alikuwa kaka kweli, anashika katoni upande ule na wewe unashika upande huu. Ijumaa mkewe analeta sinia la pilau, tunakaa kwenye mkeka uani, dereva, tandiboi, karani, Kaka mwenyewe, wote mikono sinia moja. Kompyuta nimejifunzia pale. Mshahara tarehe 25, haujawahi kuchelewa hata siku moja, na hilo nalisema kwa sababu nina marafiki wanaofanya kazi sehemu nyingine na najua wanavyolia.

Leo tumezidi watu 140. Tuna ghala Pongwe, magari kumi na nane, vituo Muheza, Korogwe, Lushoto na Handeni, na inasemekana mwakani tunafungua Bagamoyo. Fahari ninayo, sidanganyi. Nikipita Ngamiani nikaona katoni yenye stika yetu inashushwa dukani, moyo wangu unacheza.

Lakini Shangazi, pamebadilika. Mwaka jana aliletwa meneja wa uendeshaji kutoka Dar es Salaam. Ni mtu wa kazi, sikatai. Saa kumi na mbili na robo asubuhi kikao cha kusimama, kila mmoja anataja namba yake ya jana na tageti ya leo. Kuna grupu la WhatsApp linaitwa Familia Moja. Usiku saa tano anatuma voisi ya dakika nne, na asubuhi anauliza nani hakuisikiliza. Kila Jumatatu inawekwa orodha mbili: walio juu wana alama ya kijani, walio chini nyekundu, na chini yake orodha ya tatu ya wenye shoti, yaani upungufu wa mzigo au fedha, majina na kiasi. Watu wamekuwa kama ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Tangu Januari nimehesabu walioondoka, nikaishia 31 nikaacha kuhesabu.

Pilau la Ijumaa bado lipo. Sasa linakuja kwenye viboksi, na viboksi vinatoka kwa orodha. Vibarua wa kupakia hawamo kwenye orodha. Wanakaa nyuma ya ghala na mihogo yao, sisi tunapigwa picha mbele ya ghala na viboksi vyetu, picha zinawekwa mtandaoni na maneno "hapa ni nyumbani".

Sasa yangu mimi. Miezi kumi na moja iliyopita msimamizi wa stoo aliondoka ghafla. Kaka alinikuta getini, gari lake liko silensa, akashusha kioo akasema, "Dada, shika stoo kwa muda, tutaongea." Hatujaongea. Nina watu 14 chini yangu, naripoti kwa meneja mwenyewe, mshahara wangu ni ule ule wa karani wa oda, 450,000. Barua sina. Nafika saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa mbili usiku, siku sita. Hata nilipokuwa karani nilikuwa natoka saa moja, na hakuna aliyewahi kutaja ovataimu. Mwanangu nampata amelala.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mwezi uliopita dereva wa njia ya Lushoto alirudi na shoti. Madumu matatu ya mafuta ya lita kumi kumi yalipasuka kwenye zile kona za kupanda Soni, mvua inanyesha. Gari lilipakiwa alfajiri haraka haraka, madumu yakawekwa juu ya katoni za sabuni badala ya sakafuni. Jumla 186,000. Meneja akasema ikatwe yote mwezi huo huo, na mimi ndiye nilijaza ile fomu ya makato na kusaini sehemu ya msimamizi. Mimi ndiye niliyeandika jina lake kwenye grupu. Mshahara wake ni 320,000. Tarehe 25 alikuja dirishani kwangu na ile karatasi ya mshahara ameikunja mara nne, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, na wewe?" Akaondoka. Huyu ni mmoja wa wale tisa.

Nilimfuata Kaka. Nikamwambia watu wamechoka, na mimi pia. Akanisikiliza vizuri, halafu akasema, "Wewe ni wa nyumbani. Wewe ukilalamika, wageni wafanyeje?" Nikaona aibu. Maana Shangazi, mama alipolazwa hospitali ya Bombo mwaka juzi akafanyiwa operesheni, Kaka ndiye aliyetoa 1,200,000 bila kuulizwa na hajawahi kuidai. Mama kila sala anamtaja. Nikisema naacha kazi, nitamwangalia mama usoni namna gani?

Niache? Nivumilie? Na huyu mdogo wangu nimwambie nini?

Mimi, Kaimu, Makorora.

*

Marahaba mwanangu Kaimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kikokotoo mkononi. Ni mazoea. Kabla ya kustaafu nilikaa dirisha la mishahara kwenye shamba la mkonge miaka mingi, na mtu akinieleza machungu ya kazi, mkono wangu unatafuta namba kabla moyo haujaanza kusikitika. Kwa hiyo tuanze na namba.

Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku ni saa 14. Nimekutolea saa nzima ya chakula, ingawa sidhani kama unaipata. Zinabaki 13. Mara siku sita, 78 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, tisa kwa siku. Zinazozidi hapo ni ovataimu. Ovataimu ni kwa makubaliano, hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na haizidi saa 50 katika wiki nne. Wewe unazidisha saa 33 kila wiki, yaani 132 katika wiki nne. Na ukiacha dharura, hairuhusiwi mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, hata kama mwenyewe amekubali kwa moyo mweupe.

Sasa ngoja nikuonyeshe kitu. Mshahara wa 450,000 ukiugawa kwa wiki 4.333 kisha kwa saa 45, saa yako moja ni kama shilingi 2,308. Mara moja na nusu, 3,462. Chukua zile 50 tu zinazoruhusiwa, usiguse nyingine: 173,000 na kidogo kila wiki nne. Mizunguko saba ya namna hiyo, imezidi 1,200,000.

Umeiona hiyo namba? Ndiyo ile ile ya Bombo.

Sikuambii ukamwambie Kaka kwamba alichompa mama yako alikuwa amekwisha kukichukua kwako. Usimwambie, ni neno baya, tena si kweli. Alitoa usiku ule kwa sababu ni mtu mwema, na mama aendelee kumwombea. Nataka tu ujue kwamba hudaiwi. Umekuwa ukitembea ofisini kwake kama mtu mwenye deni, na mwenye deni huongea akitazama chini. Fadhila ya Kaka ilikuwa kati ya nyumba yake na nyumba yenu. Irudishwe hivyo hivyo, nyumbani kwa nyumbani: akifiwa mtakuwa wa kwanza kufika, mkewe akijifungua mama apeleke uji. Saa zako za kazi zina kitabu chao.

Sasa neno ambalo hutalipenda. Sheria hiyo hiyo ina mlango mdogo. Masharti ya saa za kazi na ovataimu hayamhusu mtu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa mkubwa wa menejimenti. Watu 14 chini yako, meneja juu yako. Umeelewa? Kile cheo ulichopewa kwenye kioo cha gari, ambacho hakina barua wala nyongeza, siku ukidai ovataimu ndicho kitakachotolewa kabatini na kuwekwa mezani. Watakwambia wewe ni msimamizi. Na siku ukidai mshahara wa msimamizi watakwambia wewe ni karani unayeshika kwa muda. Sisemi Kaka amepanga hivyo. Nina hakika hata hajui. Lakini ndivyo ulivyokaa, katikati ya viti viwili, na miezi kumi na moja ni mingi kukaa katikati ya viti.

Kwa hiyo jambo la kwanza unalotaka ni barua, kabla ya fedha na kabla ya kuacha kazi. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo gani. Yakibadilika, anashauriana naye, anayarekebisha na kumjulisha kwa maandishi. Na ukitokea ubishi mbele ya sheria na mwajiri hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

Mama mzaa baba yangu alikuwa akituhadithia habari za babu. Babu alikuja Tanga kama manamba, kibarua wa mashambani, akakata mkonge zama za Mwingereza. Alikuwa na kipande, kadi yenye siku 30. Akimaliza kazi ya siku inatiwa alama, kadi ikijaa ndipo analipwa. Ule haukuwa utaratibu wa haki, usinielewe vibaya, watu walipunjwa na migongo ikapinda. Ila kadi ilikuwa inalala kwenye kopo chini ya kitanda chake, na nyapara akisema leo hukumaliza, babu anaitoa. Wewe una simu ya kisasa na kishkwambi cha kampuni, na huna hata mstari mmoja unaosema ulikuwa ghalani saa mbili usiku Alhamisi iliyopita. Nunua daftari. Andika kila siku umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, nani alikuagiza kubaki. Lilale Makorora, lisilale Pongwe.

Kuhusu kuongea na Kaka, mara ya kwanza ulikosea njia. Ulimwambia "watu wamechoka". Hakuna bosi anayeweza kufanya lolote na neno hilo, anaweza kusikitika tu, na kweli akasikitika, akakurudisha nyumbani kwa maneno matamu. Safari hii usimfuate getini. Omba muda, umtumie ujumbe siku mbili kabla: "Kaka, naomba nusu saa tuongee kuhusu nafasi yangu ya stoo." Ukifika, mwambie mambo matatu na uyataje kama unavyotaja oda: miezi kumi na moja imepita, nashika stoo yenye watu 14, naomba ama barua yenye cheo na mshahara wake, ama nirudi kwenye oda na saa za karani. Akisema tena wewe ni wa nyumbani, mjibu, "Ndiyo Kaka, na ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya kwenda kwa mtu mwingine." Halafu nyamaza. Wanawake wa kwetu hapo ndipo tunapoharibu, tunaona kimya kinatutisha tunaanza kuomba radhi. Usiombe radhi. Jioni mtumie ujumbe mfupi wa shukrani unaorudia mliyoyasema na tarehe aliyokuahidi. Huo ujumbe ndio kipande chako.

Meneja wa Dar nitamtetea kidogo, utaniwia radhi. Watu 140 hawawezi kula sinia moja, na magari kumi na nane hayaendeshwi kwa kusukumana asubuhi. Kikao cha kusimama hakina ubaya. Tageti hazina ubaya. Kampuni ikikua bila mtu wa namna yake inakufa, nimeona biashara ngapi Tanga hii zilizokufa kwa sababu mwenyewe alitaka kubaki kaka wa kila mtu. Kosa lake ni voisi za saa tano usiku na zile orodha za majina. Na kosa la Kaka ni kumleta mtu wa kubana kabla ya kuleta mtu wa kuandika. Hamna ofisa utumishi? Hukumtaja hata mara moja kwenye barua yako, ndiyo maana nauliza. Kama hayupo, basi namba zote za kampuni zinahesabiwa isipokuwa za watu.

Lile la viboksi vya pilau limenikera kuliko yote, nami sina sheria ya kukutajia kuhusu pilau. Ila wewe ndiye msimamizi wao wale vibarua. Ijumaa ijayo kiboksi chako kipeleke nyuma ya ghala, ukae ule nao mihogo. Acha wapige picha hiyo.

Sasa dereva. Nimeliacha makusudi, maana ndilo lililokufanya ushike kalamu, na hapo sitakubembeleza.

Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kwa hasara vile anavyojisikia. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aandikiwe chanzo chake, kiasi, na hesabu ilivyofikiwa. Apewe nafasi ya kupinga. Kinachokatwa kisizidi hasara halisi, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake. Robo ya 320,000 ni 80,000. Nyinyi mmekata 186,000. Mmempeleka nyumbani na 134,000, na 106,000 kati ya mlizochukua hamkuwa na ruhusa ya kuzigusa hata kama kosa lingekuwa lake asilimia mia.

Na lilikuwa lake? Soma tena ulichoniandikia. "Madumu yakawekwa juu ya katoni za sabuni." Nani aliyapanga? Vibarua wa stoo. Nani anasimamia stoo? Dereva alipanda Soni kwenye mvua na mzigo uliopangwa vibaya na watu wako, wakati wewe pengine unasinzia kwa sababu jana yake ulitoka saa mbili usiku. Sikulaumu kwa kusinzia. Nakulaumu kwa saini. Ulijua mzigo ulivyopangwa, ukaijaza fomu, ukaandika jina lake mbele ya watu 140. Aliposema "Dada, na wewe?" hakuwa anauliza kuhusu fedha.

Hili unaweza kulirekebisha wewe mwenyewe bila kumngoja Kaka. Andika maelezo ya nusu ukurasa: gari lilipakiwa saa ngapi, nani alipakia, madumu yalikuwa wapi, mvua ilikuwaje. Mpe meneja, nakala kwa Kaka, ukiomba makato yarudiwe kuangaliwa na kilichozidi robo kirudishwe. Ukiogopa, kumbuka kwamba fomu yenye saini yako ipo kwenye faili tayari. Bora iwe na karatasi nyingine pembeni yake. Na shoti inayofuata, usisaini mpaka dereva awe ameandika upande wake. Huo utaratibu hauhitaji kibali cha mtu, ni wa stoo yako.

Wakikataa vyote, mlango upo. Afisa Kazi wa mkoa yupo hapo hapo mjini, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ina ofisi Tanga. Wanaanza kwa kukalisha pande mbili wasuluhishe. Angalia tu kalenda: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipozuka. Watu wengi nimewaona wakienda baada ya miezi mitano, wanaanza kueleza sababu za kuchelewa. Dereva wako alikatwa tarehe 25 ya mwezi uliopita, bado yumo ndani ya muda. Chama cha wafanyakazi nacho ni haki yenu kujiunga. Kwa kazi kama zenu TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, wapo, hata mkiwa kumi tu wa kuanzia.

Kuacha kazi? Si leo. Ukiacha kwa hasira kisha ukataka kudai, utalazimika kuthibitisha kwamba walikufanya ushindwe kabisa kubaki, na hilo linadaiwa kwa ushahidi ambao kwa sasa uko kichwani mwako tu. Jipe mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ukiwa hujapata barua wala hujarudishwa kwenye oda, anza kutafuta taratibu ukiwa bado unalipwa. Mtu aliyeendesha stoo ya magari kumi na nane hakosi pa kwenda, bandari ile pale inapanuka na maghala yanaongezeka. Ukipata, toa notisi ya siku 28 kama anavyopaswa mtu wa mshahara wa mwezi, na uombe cheti cha utumishi. Mama mwambie umepata kazi karibu na nyumbani. Atafurahi utakavyomkuta mtoto macho.

Mdogo wako mpigie leo, si vizuri kumweka mtoto wa watu wiki mbili. Mwambie ukweli wenye pande zake: mshahara tarehe 25 bila kukosa, utajifunza haraka kuliko popote, mwenyewe ni mtu mwema, na ukubwa umewashinda mbio. Kisha mwambie kwenye usaili aulize nimeajiriwa kama nani, naripoti kwa nani, natoka saa ngapi, na shoti inalipwaje. Wakijibu kwa mdomo, aombe waandike kwenye mkataba. Wakimwambia "sisi hapa ni familia", acheke nao, halafu aulize tena.

Na yule dereva, usimwachie asome kwenye grupu. Mfuate mwenyewe anapopakia alfajiri, umweleze kuhusu ile robo.

Shangazi.